Hesabu Haina Mjomba, sehemu ya saba: Mbili Yao na Mbili Yetu

Hakuwa na baba. Hakuwa na viatu vyake mwenyewe. Alivyovaa siku ile vilikuwa vya mama yake, vimesokomezwa karatasi kwenye ncha ili visimtoke. Hakuwa na bikari, duara zake alizichora kwa kuzungushia kifuniko cha chupa. Hakuwa na kikokotoo, hakuwa na kitabu cha mashindano, hakuwa na shangazi wa kupiga simu mahali wala babu aliyeacha jina. Kwa upungufu huo wote wenzake darasani walimwita binti huyu Kasoro, na jina likamkaa kuliko sare ya shule.

Alikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni jibu. Na jibu hilo, mnakumbuka, ndilo tuliloliacha ubaoni huku Mwenyekiti wa majaji akilisogelea na chaki nyekundu mkononi.

Alilikata. Mstari mmoja, kona hadi kona.

"Kosa," akasema.

Ukumbi ulishusha pumzi. Upande wa kushoto makofi yakaanza, kwa sababu mtoto wa mfamasia, yule kijana wanayemwita Profesa, ndiye aliyebaki na jibu lisilokatwa. Fainali ya hesabu ya shule za sekondari ilikuwa imekwisha. Nafasi ilikuwa moja: shule ya bweni ya wenye vipaji, na kusomeshwa bure mpaka chuo kikuu. Mshindi wa pili alipewa cheti na kasha la vifaa vya jometri.

Kwa Kasoro mambo yalikuwa mepesi kueleza. Akishinda, anasoma. Akishindwa, muhula ukiisha anarudi kwa mama yake, ambaye ni dobi, kufua mashuka ya watu. Shule ilikwisha kumwambia mama hivyo, na mama alikwisha kuitikia.

Kasoro hakushuka jukwaani.

"Naomba swali lisomwe tena," akasema.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, miwani imefungwa kamba shingoni. Alipigana nusu ya maisha yake ili mashindano haya yaendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huu ndio ulikuwa wa kwanza. Alisoma taratibu, kama mtu anayesoma wosia: kati ya saa mbili na saa tatu, mshale mfupi na mshale mrefu wa saa hukutana wakati gani hasa?

Kisha akasoma jibu la mwongozo. Saa mbili na dakika kumi, na sehemu kumi za kumi na moja za dakika. Ndilo aliloliandika Profesa. Kasoro aliandika saa mbili na dakika arobaini na tatu, na sehemu saba za kumi na moja.

Pengo hilo si la kuteleza kwa kalamu. Mmoja wao alikuwa ameanzia mahali pengine kabisa.

"Mzee," Kasoro akasema, "ikifika saa mbili, mshale mfupi unakuwa kwenye namba gani?"

Ukumbi mzima uligeuza shingo kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tano, na mshale wake mfupi, kama ilivyo kwa saa zote tangu tuzaliwe, ulikuwa unakaribia kumi na moja.

"Uko kwenye nane," Kasoro akajijibu. "Mshale mrefu unatoka kumi na mbili, uufuate mpaka kwenye nane na kupita. Kwa dakika kumi bado uko ng'ambo ya pili."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema mtoto ana haki yake. Jaji mwanamke aliyekaa mwisho wa meza alishusha kalamu na kuanza kuhesabu vidole chini ya kitambaa cha meza, akidhani haonekani.

"Swali halikuuliza saa ya ukutani," Mwenyekiti akasema. "Liliuliza saa ya hesabu."

"Saa ya hesabu ni ipi, mzee?"

"Ni ile iliyomo kwenye mwongozo."

Hapo Kasoro alifanya alichokifanya siku zote akionewa. Alimtafuta mjomba wake kwa macho.

Huyu mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule nyingine, na ndiye aliyemfundisha Kasoro tangu alipojua kuhesabu vifungo vya mashati ya wateja. Alikuwa mtu asiyevumilia kosa. Aliwahi kumkatiza mhubiri msibani, pale mhubiri alipokosea kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, akampa marehemu miaka kumi asiyoiishi. Wafiwa hawajamsamehe mpaka leo. Wanafunzi wake walimjua kwa msemo mmoja, kwamba hesabu haina mjomba. Yaani jibu halijuani na mtu, halina wa kwao.

Mtu huyo sasa alikuwa safu ya nyuma kabisa, ameinama, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mwenyekiti akatangaza kwamba mwenye malalamiko aandike barua kwa mkono wake, ifike kabla ya kikao cha Ijumaa ambacho kitamthibitisha mshindi. Kisha akafuta ubao yeye mwenyewe, haraka, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiifanya.

*

Kwenye varanda Profesa alimfuata mbio. Shingoni alikuwa na maua, na usoni alikuwa kama mtu aliyevishwa koti la kuazima. Akamvuta pembeni, karibu na ndoo za wafagiaji.

Alikuwa kijana mwenye akili, tusimdhulumu. Akamwambia kwamba hata yeye kichwani alipata arobaini na tatu. Ila alikumbuka kuwa swali hilo aliliona katika kitabu alicholetewa na baba yake kutoka ng'ambo, na jibu la kitabuni lilikuwa kumi.

"Nikaandika la kitabu," akasema.

"Basi rudi ndani uwaambie."

Profesa aliangalia nyuma. Baba yake alikuwa anawapanga ndugu kwa urefu, wafupi mbele.

"Baba ameshaita mpiga picha," akasema.

Kasoro alimtazama, kisha akamwambia aende akapigwe, na asikunje uso, maana picha hukaa muda mrefu kuliko ushindi. Akavua viatu vya mama yake, akavishika mkononi, akatembea peku mpaka nyumbani.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na ua. Uani kamba zilipishana kama mistari ya daftari, mashuka ya watu yakining'inia. Ndani kulikuwa na meza ya kupigia pasi, kitanda, na pazia lililogawa mahali pa kulala mjomba. Mama hakuacha kupiga pasi alipoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja shati, akachukua jingine.

Akauliza jambo moja tu: mjomba wako alisema nini?

Ndipo mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi kama mgeni, alipoingia.

"Swali lile ni langu, dada," akasema.

"Lako kivipi? Si la mashindano?"

Aliwaeleza huku ameshika ukingo wa meza. Mwanzoni mwa mwaka Mwenyekiti alimpa kazi ya kuyatafsiri maswali ya fainali, pamoja na majibu ya mwongozo, kutoka lugha ya kigeni. Kazi ya heshima, ya siri, na aliifanya kwa mapenzi. Alikesha akitafuta neno la kila kitu. Kwa pembe butu alihangaika, kwa kigawo kikubwa alihangaika, na alipofika kwenye swali la saa akapumua, kwa sababu lilikuwa jepesi. Palipoandikwa mbili, akaandika mbili. Hakukumbuka kwamba mbili yao ni nane yetu.

Mtu aliyekula chakula cha mchana saa saba maisha yake yote, asiyechelewa kipindi cha saa mbili hata siku moja, alisahau saa ya kwao kwa sababu alikuwa anatazama karatasi ya wengine.

Mama aliweka pasi wima.

"Kwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka una swali kichwani. Unakula hapa, unalala hapo nyuma ya pazia, unamfundisha mtoto wangu kila jioni, na hukumwambia?"

"Nilipotafsiri hakuwa mashindanoni, dada. Niliahidi kwa maandishi kwamba jamaa yangu akiingia nitasema. Alipoingia nikaogopa wangemtoa, nikanyamaza. Lakini swali sikumwambia. Ingekuwa wizi."

"Na sasa aliyeibiwa ni nani?"

"Hesabu haina mjomba, dada."

"Naona," mama akasema. "Na mjomba mwenyewe hana hesabu."

Lilimwingia. Alikaa kitandani na kofia yake. Mama akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, ambayo ndiyo mbaya kuliko ya ukali, akimweleza kwamba ndugu wengine hubebana mpaka wanavunjika viuno, ila yeye amepewa ndugu mwaminifu, na uaminifu wake wote ameuleta kuutua juu ya kichwa cha mtoto.

Kasoro ndiye aliyemnyamazisha. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye dari, na waliomjua walijua kuwa anapiga hesabu.

"Mama, muache. Hilo ndilo litakaloniokoa. Mjomba alijua kwamba jibu wanalolitaka ni kumi. Angeniambia, ningeandika kumi. Nimeandika arobaini na tatu. Kosa langu ndiye shahidi wangu kwamba sikuambiwa."

Mjomba aliinua kichwa. Uso wake uligeuka wa mwalimu tena. Akairudia hoja hiyo polepole, akaitafutia tundu, hakuliona. Akasema ni uthibitisho safi, hauhitaji hata mstari wa pili. Kisha akasimama, akaapa mbele ya dada yake kwamba atakwenda kwenye kikao cha Ijumaa kwa miguu yake, aseme yeye ndiye aliyetafsiri, yeye ndiye aliyekosea, yeye ndiye aliyenyamaza.

"Watakufukuza," mama akasema.

"Wanifukuze nikiwa sawa."

Jioni ile walikula wakicheka. Mjomba aliigiza jaji aliyehesabu vidole chini ya kitambaa, na mama akacheka mpaka akashika ubavu. Ningekuwa mwandishi mwema ningewaacha hapo.

*

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alikuja kwa dobi.

Alikuja na koti la kupigwa pasi, lililokuwa halina mkunjo hata mmoja, na chini ya kwapa kasha jipya la vifaa vya jometri. Aliliweka mezani mbele ya Kasoro na kulifungua. Bikari iling'aa ndani, imelala kwenye kitambaa cha bluu. Ni zawadi ya mshindi wa pili, akasema, ameamua kuileta mwenyewe.

Mama akampa kigoda. Mjomba, aliyekuwa amevaa tayari kwenda kazini, alibaki amesimama.

Mzee alizungumza muda mrefu na hakumtukana mtu. Alisema ameulizia, akajua binti ni mpwa wa nani. Alikiri kwamba swali lina kosa. Alikiri pia kwamba alitia sahihi tafsiri nzima bila kuisoma, kwa kumwamini mwalimu. Ila akawaomba watazame mbele. Ukweli ukitoka, mwalimu aliyeficha undugu anafutwa ualimu, si katika shule yake tu, bali popote. Na binti naye anaondolewa mashindanoni, kwa sababu hakuna atakayekubali kwamba mjomba alijua na mpwa hakujua.

Kasoro akampa hoja yake ya kumi na arobaini na tatu. Mwenyekiti aliisikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona kitu kizuri.

"Hiyo ni hesabu, binti yangu," akasema. "Kamati haipigi hesabu. Inapiga kura."

Kisha akafikia lile lililomleta hasa. Kuna watu, alisema, wanaosubiri kwa hamu mwaka huu wa kwanza uharibike. Walisema tangu mwanzo kwamba lugha yetu inafaa kwa nyimbo na misiba, haiwezi kubeba hesabu. Wakisikia kwamba fainali imeharibika kwa sababu ya saa, watacheka, na mwaka ujao maswali yatarudi kwenye lugha ya wageni, na watoto kama Kasoro hawatafika hata raundi ya kwanza. Hakuwa anaigiza.

"Lugha haikukosea, mzee," Kasoro akasema. "Lugha ndiyo iliyonipa jibu. Aliyekosea ni mtu aliyeiacha nyumbani."

Mjomba alifumba macho.

Mwenyekiti alimgeukia mjomba, akamwambia kuwa kamati inatafuta katibu, mtu makini, kwa miaka yote inayokuja. Na kwamba kinachohitajika ni kitu kidogo, barua ya mkono ya binti, mistari michache, kusema amelitazama tena swali na amelikubali jibu la mwongozo. Akatoa bahasha mfukoni. Anwani ya kamati ilikuwa imekwisha kuandikwa juu yake, na stempu imekwisha kubandikwa. Akaiweka juu ya kasha.

Alisahau koti lake. Au hakulisahau.

*

Mwenyekiti akaondoka. Uani shuka moja lilikuwa linapigapiga upepo. Kasoro alimtazama mjomba wake, akisubiri acheke, aseme "umemsikia mzee huyo?"

"Mwanangu," mjomba akasema. "Andika wanavyotaka."

Kasoro alidhani hakusikia vizuri.

"Kumi ni sahihi?" akauliza.

"Andika tu kwamba umekubali."

"Nimekuuliza, mjomba. Kumi ni sahihi?"

Mwalimu wa hesabu alitazama sakafu, mahali ambapo saruji ilikuwa imebanduka.

"Kwenye karatasi hiyo," akasema, "ndiyo."

Kasoro alikwisha kumwona mjomba wake akikasirika, akiumwa, akikosa hata nauli. Kukosea alimwona juzi, kwa bahati mbaya. Leo alimwona akikosea kwa makusudi, na aligundua kwamba hakuwa na jina la kumwita mtu huyo mwingine aliyesimama pale na tai shingoni.

Alimgeukia mama. Mama aliyemchambua ndugu yake juzi kama karanga, huyo ndiye atakayesema.

Mama alikuwa amelichukua koti la Mwenyekiti na kulitandaza mezani, ingawa halikuhitaji pasi. Alisema akiwa amewapa mgongo. Alisema kwamba wazazi wao walipokufa yeye alikuwa darasa la saba, wa kwanza darasani, na huyu mdogo wake alikuwa bado anajikojolea. Mmoja ilibidi aache. Aliacha yeye. Alifua, mdogo wake akasoma. Alifua akiwa na mimba, mdogo wake akaenda chuo cha ualimu. Na siku alipomwona mara ya kwanza amesimama ubaoni na chaki alikwenda kukaa chini ya dirisha la darasa asikilize tu sauti.

"Akifutwa ualimu," akasema, "basi nilifua bure."

"Na mimi, mama?"

Pasi ilikwenda mbele, ikarudi.

"Wewe una mikono, mwanangu."

Alilisema kwa upole. Nadhani angelisema kwa ukali, hadithi hii ingekwenda njia nyingine. Mjomba alichukua mkoba wake wa vitabu. Alikuwa na kipindi. Akapita karibu na Kasoro bila kumgusa bega kama alivyozoea, akatoka.

*

Kasoro alikaa upande wa pili wa meza ya pasi, akaomba kalamu.

Mama alimpa maneno. Andika: mimi, mwanafunzi fulani, nimelitazama tena swali. Andika: nimeona kosa langu. Andika: nawashukuru kwa zawadi. Alikuwa anatoa maneno huku anatia wanga kola za mashati, na kila alipotoa sentensi alitulia ili kalamu imfikie, kama mwalimu wa imla. Msisahau kwamba aliwahi kuwa wa kwanza darasani. Alikuwa anajua kusoma vizuri kabisa. Angenyoosha shingo kidogo tu, angeona.

Kalamu ya Kasoro ilikwenda. Iliandika hivi:

"Swali liliandikwa saa mbili. Saa mbili mshale mfupi uko kwenye nane, kwa hiyo jibu langu ni sahihi na la mwongozo ni kosa. Aliyelitafsiri ni mjomba wangu, ndugu yake mama wa tumbo moja. Alilijua swali na jibu la mwongozo, na hakuniambia. Angeniambia, ningeandika kumi. Mwenyekiti analijua jambo hili. Alikuja nyumbani kwetu Jumatatu akaacha koti."

Chini yake akaandika jina la mjomba, lote, na la shule anayofundisha. Herufi zilikuwa nzuri. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuandika.

Simtetei. Wako watakaosema mtoto huyu ni jasiri, na wako watakaosema nyoka amelelewa kifuani. Mimi ninachojua ni kwamba katika chumba kile mwanamke mmoja alikwisha kuachishwa masomo kwa ajili ya mjomba huyo huyo, na sasa alikuwa anaombwa wa pili.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Umeandika kama nilivyokwambia?"

"Nimeandika, mama."

Litazameni jibu hilo. Halina neno la uongo ndani yake, na sijapata kusikia uongo mkubwa zaidi ya huo.

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akaichukua karatasi ikiwa imekwisha kukunjwa. Alikaa nayo mkononi kitambo, akiipima kama anavyopima uzito wa shuka ili ajue kama limekauka. Hakuikunjua. Tangu Kasoro aanze shule, mama huyu hakuwahi kusahihisha kazi ya mwanawe, kwa sababu haikuwahi kuhitaji.

Akaitia kwenye bahasha ya Mwenyekiti. Gundi ilikuwa imekauka. Akachovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo, akakipitisha kwenye mdomo wa bahasha, akaifunika kwa leso na kuikandamiza kwa pasi. Mvuke kidogo ulipanda.

"Barua ya dobi haifunguki njiani," akasema, na akajaribu kutabasamu.

Kasoro alinyoosha mkono aipeleke. Mama akakataa. Kazi hii, akasema, ataifanya mwenyewe. Akavaa viatu vyake, vilevile vilivyokwenda fainali, akatoa karatasi zilizosokomezwa kwenye ncha na kuziacha mlangoni. Wakaenda pamoja, mama mbele, mpaka kwenye sanduku la posta lililo ukutani baada ya duka la fundi redio. Njiani mama alikuwa ameikumbatia bahasha kifuani kwa mikono yote miwili. Mwanamke mmoja aliyewapita akawauliza kama ni habari njema, na mama akamwambia ni za nyumbani tu.

Alipofika sandukuni hakuiachia mara moja. Aliisoma anwani mpaka mwisho, midomo ikimchezacheza. Ndipo akaisukuma ndani.

"Haya," akasema. "Mjomba wako amepona."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha kazi yake, akatumbukiza mkono kwenye tundu mpaka kifundoni, akapapasa kama bahasha imekwama.

Haikuwa imekwama.